Keki ya kitabuni, keki ya mezani: nyuma ya majina makubwa ya waokaji wa nyumbani

Mwaka 1945 jarida la Fortune la Marekani lilimtaja Betty Crocker kuwa mwanamke wa pili kwa kujulikana nchini humo, nyuma ya Eleanor Roosevelt peke yake. Akina mama walimwandikia barua, walimsikiliza redioni, wakaoka kwa maelekezo yake. Betty Crocker hakuwahi kuzaliwa. Alibuniwa mwaka 1921 na kampuni ya kusaga unga ya Washburn-Crosby ya mjini Minneapolis. Kampuni ilikuwa imetoa chemshabongo gazetini ili kutangaza unga wake, na pamoja na majibu yakaja maswali: mbona keki yangu imedidimia katikati? Mbona mkate haukuumuka? Ikaonekana haifai mama wa nyumbani kujibiwa kwa jina la mwanamume wa ofisini. Basi likatungwa jina. Crocker lilitoka kwa mkurugenzi mmoja aliyekuwa amestaafu. Betty lilichaguliwa kwa kuwa lilisikika la kirafiki, kama jina la jirani. Sahihi ya kuwekwa chini ya barua iliandikwa na mfanyakazi mmoja wa kike.

Naanzia kwa Betty kwa sababu kiti alichochongewa yeye ndicho walichokalia wengi waliomfuata, watu wa kweli wenye damu na nyama: kiti cha mwenzetu anayejua, ambaye unaweza kumuuliza keki ikiharibika bila kuona aibu.

Tena angalia maswali yale yalihusu nini. Pilau ikikosa chumvi unaongeza. Mchuzi ukiwa mzito unatia maji. Keki ukishaifungia ovenini, umeshasema. Unangoja nusu saa ndipo ujue kama siagi ilikuwa imeyeyuka mno, kama beking poda ilikuwa imeshapoteza nguvu kwenye kopo, kama mayai yalikuwa madogo. Na ukishajua huna la kurekebisha. Unaanza upya na mayai mengine, na mayai ni pesa. Kwa hiyo anayenunua kitabu cha kuoka ananunua uhakika kwamba mtu mwingine ameshapoteza mayai yake ili wewe usipoteze yako. Swali langu katika makala haya ni hilo tu: uhakika huo unatoka wapi, na kwa nini mara nyingi unatuponyoka kitabu kikishafika jikoni kwetu.

Huyu "mpishi wa nyumbani" ni nani?

Uingereza ndiko neno hili lina uzito mkubwa zaidi. Mpishi wa hotelini ana kofia ndefu, ana vijana wa kumkatia vitunguu, ana jiko linalowaka siku nzima. Mpishi wa nyumbani anapika kwa ajili ya watu wake, kwa sufuria anazoosha mwenyewe. Lakini hadhi hiyo haimaanishi kwamba hakusoma.

Mary Berry, aliyezaliwa mwaka 1935, alisomea sayansi kimu katika mji wa Bath na baadaye akachukua kozi Paris, kwenye shule ya upishi ya Le Cordon Bleu. Kazi yake ya mwanzo ndiyo inayonivutia kuliko yote. Aliajiriwa kwenye duka la maonyesho la shirika la umeme, na mteja akishanunua jiko la umeme, Mary alikwenda nyumbani kwake kumwonyesha linavyofanya kazi kwa kuoka keki mbele yake. Hebu lifikirie hilo. Kila siku jiko geni, kila siku mama mwingine amesimama pembeni anatazama, na keki lazima iumuke. Ninaamini darasa lile la majiko ya watu lilimfundisha mambo ambayo shule haiwezi kufundisha, kwani aliona oveni zinavyotofautiana na aliona mtu wa kawaida anababaikia wapi. Alipokuja kujulikana dunia nzima kwa televisheni alikuwa ameshapita umri wa miaka 75, na nyuma yake kulikuwa na vitabu lukuki.

Delia Smith hakusomea upishi kabisa. Aliacha shule mapema, akafanya kazi za kubahatisha, akaingia kwenye mgahawa mdogo London akianza na kuosha vyombo. Ile keki iliyopambwa kupita kiasi kwenye jalada la albamu ya Rolling Stones ya mwaka 1969 aliioka yeye, kabla hajulikani na mtu. Mashabiki wa soka wanamfahamu kwa njia nyingine: kwa miaka mingi yeye na mumewe walikuwa wamiliki wakuu wa klabu ya Norwich City. Jina lake la kwanza peke yake liliingia kwenye kamusi ya Kiingereza ya Collins mwaka 2001, kwa sababu watu walikuwa wakisema wamepika "Delia", wakimaanisha wamefuata maelekezo yake neno kwa neno. Akionyesha kikaango fulani kwenye televisheni, kesho yake madukani hakuna.

Nigella Lawson alikuwa mwandishi wa habari, naibu mhariri wa kurasa za vitabu. Kitabu chake cha kuoka cha mwaka 2000 kilizua mjadala kwa jina lake tu, How to Be a Domestic Goddess, maana kilionekana kumrudisha mwanamke jikoni kwa kumwita mungu wa kike wa nyumbani. Yeye mwenyewe alieleza humo kwamba alichokitafuta ni ile hisia ya muda mfupi, nyumba inaponukia keki, na wala hakukusudia maisha ya kufungiwa. Ng'ambo ya bahari, Ina Garten alikuwa mtumishi wa ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani, kazi yake ikigusa sera ya nishati ya nyuklia, mpaka mwaka 1978 aliponunua duka la vyakula kisiwani Long Island bila kuwahi kuendesha biashara ya chakula. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1999.

Watu wanne, njia nne, na hakuna aliyefika kwa kupitia majiko ya hoteli kubwa. Kinachowaunganisha nakiona katika jambo moja dogo ambalo Garten amelisimulia mara kadhaa. Akishatunga maelekezo, humpa karatasi msaidizi wake aoke, naye husimama kando kimya akimtazama. Msaidizi akisita, akichukua bakuli dogo kuliko inavyotakiwa, akisoma mstari mara mbili, Garten anajua kwamba sentensi hiyo ina kasoro. Ni yuleyule Mary Berry kwenye jiko la mteja, ila safari hii ana kalamu mkononi.

Na hapa ndipo jina la kwenye jalada linapoficha watu wengi. Kitabu kikubwa cha kuoka huwa na wajaribu maelekezo, wataalamu wa sayansi kimu, mpambaji wa vyakula kwa ajili ya picha, mpiga picha, na mhariri anayekagua kama sukari iliyotajwa kwenye orodha imetumika kweli kwenye maelezo. Wengine wana mtu wa kuwaandikia kabisa. Mary Berry hajaficha kwamba Lucy Young, aliyefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka 30, anashirikiana naye kutunga na kujaribu. Mimi sioni kasoro katika hilo. Nikipewa nichague kati ya kitabu kilichoandikwa na mtu mashuhuri peke yake usiku na kitabu kilichojaribiwa na watu watano wenye mikono tofauti, nitachukua cha pili. Siku hizi nikikifungua kitabu cha kuoka dukani, naanza na ukurasa wa shukrani. Ukurasa huo usipomtaja hata mtu mmoja wa kujaribu, nakirudisha rafuni.

Maelekezo yenyewe yalikotoka

Mtindo tuliouzoea, orodha ya vitu kwanza kisha hatua, nao una historia. Waandishi wa zamani waliandika kwa mkupuo: chukua siagi ya kutosha, tia sukari, oka mpaka iive. Mwaka 1845 Mwingereza Eliza Acton alitoa kitabu ambamo kila maelekezo yalikuwa na orodha ya vipimo na muda wa kupika, akiiweka chini badala ya juu kama tunavyoona leo. Mwaka 1861 Isabella Beeton akatoa kitabu cha kutunza nyumba kilichouza nakala 60,000 ndani ya mwaka wa kwanza. Huyu Bibi Beeton, ambaye Waingereza walimfikiria kama mama mtu mzima mwenye shungi la mvi, alikuwa binti wa miaka 25. Alifariki akiwa na 28. Mengi aliyaokota kwa waandishi waliomtangulia, Acton akiwa mmoja wao, na alitegemea pia barua za wasomaji. Kwa maneno mengine, nyota ya kwanza kubwa ya upishi wa nyumbani ilikuwa mhariri hodari kuliko ilivyokuwa mpishi.

Lakini kitabu chake kina kitu kimoja nakipenda mno. Maelekezo ya keki ya Victoria, ile ya vipande viwili vilivyopakwa jamu katikati, yanasema: mayai 4, na uzito wa mayai hayo katika sukari, katika siagi na katika unga. Basi. Hakuna wakia, hakuna gramu. Nitarudi kwenye hilo.

Kisha akaja Fannie Farmer wa Boston. Kitabu chake cha mwaka 1896 mchapishaji alikihofia, hata yeye mwenyewe akalipia nakala 3,000 za kwanza. Farmer ndiye aliyekazania kikombe kimoja maalumu na kijiko kimoja maalumu, vilivyojazwa na kusawazishwa juu kwa kisu. Kabla yake "kikombe" kilikuwa kikombe chochote ulichonacho. Alikuwa sahihi kwa wakati wake, na Wamarekani wakamfuata mpaka leo. Waingereza wakabaki na mizani. Mkanganyiko wetu mwingi umezaliwa kwenye njiapanda hiyo.

Kwa nini haitoki kama kwenye picha

Nilianza kuoka kwa kitabu cha mtumba nilichokinunua Kariakoo, cha Kiingereza, kimechanika jalada. Keki ya kwanza ilikuwa ngumu kama matofali. Ya pili ilidondoka katikati kama kisima. Nikamlaumu mwandishi, kisha nikajilaumu mwenyewe, kisha nikaanza kupima kila kitu na kuandika pembeni mwa kurasa. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kikombe kwanza. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi. Cha Australia ni 250, na kijiko chao cha mezani ni mililita 20 wakati cha Uingereza na Marekani ni 15. Hata hivyo tofauti kubwa haiko kwenye kikombe, iko mkononi. Unga ukiuteka kwa kikombe moja kwa moja kwenye mfuko unajibana. Kikombe kilekile kinaweza kubeba gramu 150 au zaidi. Ukiumimina kijiko kwa kijiko bila kuushindilia, unapata kama gramu 120. Maelekezo yakitaka vikombe viwili, umeshazidisha gramu 60, karibu nusu kikombe. Hapo ndipo tofali langu lilipotoka. Mwandishi anayesema gramu anakuheshimu kuliko anayesema kikombe, nalisema hilo bila kusitasita.

Halafu yai. Nilikuwa nikisoma "mayai makubwa 4" na kutia mayai 4. Uingereza yai kubwa ni la gramu 63 mpaka 73 na ganda lake. Mayai yangu manne ya kienyeji niliyoletewa kutoka Tanga, nilipoyapima siku ile, yalikuwa gramu 190 yote kwa jumla. Manne ya Mwingereza hayapungui 252. Nilikuwa nimepungukiwa yai zima na ziada, huku unga na siagi nimetia kama alivyosema. Keki haikuwa na cha kuibeba.

Siagi ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Vitabu vyote vinasema siagi iwe kwenye joto la kawaida la chumba. Chumba cha nani? Jiko la Uingereza ni nyuzi 18 au 20 za Selsiasi, na hapo siagi ni laini lakini bado imesimama. Ukiipiga na sukari inashika vipovu vidogo vya hewa, navyo ndivyo vitakavyovimba ovenini. Dar es Salaam mwezi wa pili chumba changu ni nyuzi 31. Siagi niliyoiacha mezani "ilainike" ilikuwa mafuta. Mafuta hayashiki hewa kwa namna hiyo. Siku hizi naitoa kwenye friji dakika chache tu kabla, na bakuli nalipoza kwa maji baridi. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo, kwa sababu aliyekiandika hajawahi kulihitaji jambo hilo.

Sukari nayo. Waokaji wa Uingereza hutumia sukari ya punje ndogo, laini kuliko ya chai. Yetu ni ya punje kubwa, na kwenye keki ya kuchanganya vyote kwa mara moja haipati muda wa kuyeyuka. Utaiona imeacha vidoadoa juu ya keki. Isage kidogo kwenye blenda, yaishe.

Unga wa Mwingereza ni kitendawili kingine. Akisema unga wa kujiumua, anamaanisha uliotiwa beking poda kiwandani, aina iliyobuniwa na mwoka mikate Henry Jones wa Bristol mwaka 1845. Kenya unga huo unauzwa kila duka kubwa, na Tanzania unapatikana pia. Ukiukosa, kanuni ya kawaida ni vijiko viwili vya chai vya beking poda kwa kila gramu 150 za unga wa kawaida. Chekecha pamoja mara mbili. Ila kwa anayeoka Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, punguza kidogo: hewa huko ni nyepesi, vipovu vinavimba haraka kuliko kuta za keki zinavyokauka, na matokeo yake ni kile kisima cha katikati. Mwenye Mombasa hana shida hiyo.

Kuhusu oveni nitasema machache. Nyuzi 180 za Selsiasi ni 350 za Farenhaiti, nayo ni alama ya 4 kwenye majiko ya gesi ya Waingereza. Oveni yenye feni ishushe nyuzi 20. Na oveni nyingi tulizonazo zinadanganya. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kina faida kuliko kitabu kipya.

Bibi yangu hakuwa na lolote katika haya. Alikuwa na kikombe kimoja cha bati na sufuria nzito, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na mkate wake wa mayai uliumuka kila sikukuu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza, "Bibi, unajuaje kiasi?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, si kikombe kilekile?" Nilidhani ananikwepa. Sasa naelewa kwamba alikuwa amenipa jibu kamili. Unga kwa kikombe kile, sukari kwa kikombe kile, na mayai aliyapasulia humohumo mpaka yafike alama anayoijua. Kila kitu kilipimwa kwa kufuata mwenzake. Kikombe kingekuwa kikubwa au kidogo, mkate ungekuwa mkubwa au mdogo, lakini ungebaki mkate uleule. Mimi nilikuwa nachanganya gramu za London, kikombe cha sebuleni kwangu na yai la Tanga katika bakuli moja.

Hema lililobadilisha hesabu

Agosti 2010 BBC ilianza kurusha mashindano ya waokaji wasio na ajira ya kuoka, ndani ya hema jeupe kwenye bustani: The Great British Bake Off. Majaji wakawa Mary Berry na Paul Hollywood, mtoto wa mwoka mikate. Miaka michache baadaye kipindi kilikuwa kinatazamwa kuliko karibu chochote nchini, na mwaka 2017 kikahamia Channel 4 bila Mary Berry, aliyeamua kubaki BBC.

Kabla ya hema, nyota wa kuoka alitokea gazetini au kwenye duka la vitabu, akapandishwa na mhariri. Baada ya hema, alitokea mbele ya watazamaji akiwa bado anatetemeka mikono. Mshindi wa kwanza kabisa, Edd Kimber, alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka uliofuata kitabu chake kilikuwa sokoni. Msomaji alikuwa ameshamwona akishindwa, na hilo likawa sehemu ya kumwamini.

Nadiya Hussain alishinda mwaka 2015. Ni binti wa wazazi kutoka Bangladesh, aliyezaliwa Luton. Amesimulia kwamba kwao oveni ilikuwa mahali pa kuhifadhia vikaango. Mama yake alipika juu ya jiko tu, na kuoka alikujua shuleni. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Ni nyumba ngapi tunazozijua ambamo oveni ya jiko la gesi imejaa sufuria na mifuniko? Mwaka 2016 alioka keki ya miaka 90 ya Malkia Elizabeth, na vitabu vyake vimekuwa vikitoka tangu mwaka huo. Ndani ya vitabu hivyo iliki na viungo vinakaa kwenye keki bila kuomba radhi. Umuhimu wake kwangu uko hapo: mtu aliyejifunza kuoka akiwa ametoka nje ya desturi hiyo anajua maneno gani hayaeleweki, kwa sababu yeye mwenyewe hakuyarithi.

Kuna sehemu moja ya mashindano hayo naiona kama ufafanuzi bora wa kitabu cha kuoka ni nini. Washiriki hupewa maelekezo ya jaji yaliyopunguzwa makusudi. Vipimo vipo, lakini mahali pengine karatasi inasema tu "tengeneza kinyunya" au "oka". Kwa muda gani? Moto gani? Haisemi. Watu kumi wenye karatasi moja wanatoa keki kumi, nyingine mbichi, nyingine zimeungua. Kila kilichoondolewa kwenye karatasi ile ndicho unacholipia unaponunua kitabu kizuri: rangi ya kutazama, sauti ya rojo linapodondoka kwenye mwiko, dakika ya kuchoma kijiti, nini cha kufanya rojo likikatika.

Keki ni ya nani?

Mwisho kuna ugomvi usiokwisha wa wizi. Orodha ya vitu na vipimo vyake, kwa sheria ya Marekani, haina hakimiliki. Inahesabiwa kuwa taarifa tu. Kinachoweza kulindwa ni maelezo ya mwandishi, simulizi lake, picha na mpangilio. Ukitambua hivyo, utaelewa kwa nini vitabu hivi vina hadithi ndefu juu ya kila keki, habari za shangazi na likizo na mvua. Nyingine zinachosha. Lakini ndiyo sehemu ya kitabu ambayo mwandishi anaweza kusimama na kusema hii ni yangu.

Kwa kuwa sheria hailindi keki, watu wamejilinda kwa siri au kwa aibu. Harry Baker, muuza bima wa Los Angeles, alibuni mwaka 1927 keki nyepesi iliyotumia mafuta ya kula badala ya siagi, akaificha kwa miaka 20 huku akiwaokea watu mashuhuri wa Hollywood. Mwaka 1947 akaiuza siri hiyo kwa General Mills, kampuni iliyokuwa imeirithi Washburn-Crosby. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwa taifa zima kwa jina la keki ya shifoni. Aliyeitangaza? Betty Crocker.

Njia ya pili ni aibu ya hadharani. Aprili 2025 huko Australia, mwandishi mashuhuri wa mapishi Nagi Maehashi alidai kwamba maelekezo yake yalinakiliwa kwenye kitabu cha mwoka keki Brooke Bellamy. Bellamy alikanusha, akisema karameli yake ya vipande alikuwa akiioka na kuiuza kabla Maehashi hajachapisha ya kwake. Mchapishaji pia alikataa madai hayo. Siwezi kuamua nani ana haki. Naona tu kwamba keki ya siagi, unga na karameli haina njia nyingi za kupikwa, na kwamba watu wawili wanaweza kufika kwenye gramu zilezile kwa uaminifu. Maneno mazima yakifanana ndipo shaka inapoanza. Mwandishi muungwana huandika "nimeichukua kwa fulani, nikabadilisha hiki". Mstari huo haupunguzi thamani ya kitabu hata senti moja, na mimi huusoma kama ushahidi kwamba aliyeandika ameoka kweli.

Kile kitabu changu cha Kariakoo bado ninacho, kurasa zimejaa penseli. Kwenye keki ya Victoria nimekata namba zote na kuandika neno moja: mayai. Jirani yangu mwenye duka ana mizani ya zamani ya sahani mbili, ile ya kupimia maharage. Jumamosi nikitaka kuoka nakwenda na kikapu, namwambia shikamoo mzee, naweka mayai yangu manne na maganda yake sahani ya kushoto, naye anamimina sukari kulia mpaka mkono wa mizani usimame. Halafu unga. Halafu siagi, ambayo huitoa kwenye friji yake ya soda wakati huohuo ili isiyeyuke. Mara ya kwanza aliniuliza ni kilo ngapi aandike kwenye daftari. Tukakubaliana aandike mayai manne.